Baba Alivyonivusha Mto Simiyu

Tangu nirudi mmeniuliza swali moja kwa namna kumi. Rehema aliniuliza tukipanda kilima kwenye mazoezi ya asubuhi, Bi Hawa akauliza kwa simu, na Mama Jose akanifuata mpaka jikoni nikiwa nachapa mayai ya keki: "Skola, uliaga siku saba ukakaa kumi na moja, simu haipatikani, na umerudi umenyamaza. Kulikoni?" Nimeona bora niandike mara moja, msome wote. Mkishasoma, naomba tusiyazungumze mbele ya Baba.

Habari za tiketi na nyumba za wageni naziruka. Na njia ya kurudi sitaisimulia kabisa, kwa sababu hakukutokea kitu.

Morogoro mpaka Shinyanga

Mnajua hali ya Baba. Mwaka jana alianza kusahau majina, baadaye akasahau kama ameshakula. Daktari aliniambia bila kuzunguka: "Kama kuna mahali mnataka kwenda naye, nendeni sasa." Kwaresima hakuna harusi, kwa hiyo sina oda za keki. Nikamuuliza Baba anataka kwenda wapi. Nilitegemea aseme Mahenge, kwao. Akasema, "Bonde la Simiyu."

Nilijua alifanya kazi huko ujanani, alipokuwa mpima ardhi msaidizi, kabla hajamwoa mama. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema chochote. Niliulizia kwa watu, nikaambiwa bondeni kuna mwamba wenye mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale, kuna ikulu ya zamani ya ntemi, mtawala wa Wasukuma, na nyumba yake ya ngoma, na ng'ambo ya mto kuna gofu la Mjerumani. Nikaona ni safari nzuri ya kutembea na mzazi.

Basi liliharibika mbele ya Singida. Tulishuka wote, watu wakakaa kwenye majani, mama mmoja akatugawia mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Nilipogeuka kumpa Baba yai lake, hayupo. Nilizunguka basi mara mbili. Nikamwona mbali barabarani, anatembea pembeni ya lami, mgongo umenyooka kama askari. Nilimkimbilia.

"Baba! Unakwenda wapi?"

Hakusimama. Midomo ilikuwa inahesabu. Alipofika kwenye jiwe la kilometa ndipo akanitazama. "Usinikatishe nikiwa kazini," akasema.

Nilimshika mkono mpaka basi lilipopona, saa tano baadaye. Tulilala Shinyanga badala ya kufika Bariadi siku ile.

Bariadi

Bariadi ilitupokea na jua na vumbi, na mawingu meusi upande wa Serengeti. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alinisalimu, "Mwadila, mayu." Nikamwambia mimi siitwi Mayu, naitwa Skolastika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mayu ni mama. Ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Jioni alinitengea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, vigumu kama ngozi, unatafuna na karanga. Niliona vya ajabu. Baba alivitafuna kwa meno machache aliyobakiwa nayo, macho yamefumba.

"Unavijua hivi, Baba?"

"Walinilisha," akasema.

"Nani?"

Akafungua macho, akatafuta jibu usoni kwangu, hakulipata.

Mwenye nyumba ndiye alitupatia Masanja, dereva wa miaka kama thelathini na tano, mtaratibu, anayeendesha gari huku akiimba nyimbo za kwaya yake kwa sauti ya chini. Nilimpa orodha yangu: mwamba wa bao, ikulu ya ntemi, gofu. Alipofika kwenye gofu alinirudishia karatasi.

"Ng'ambo kule, mayu, siku hizi watu hawapendi wageni," akasema. "Kuna watu wanakuja na vyombo vyao kutafuta mali za Mjerumani. Wanachimba hovyo, mpaka makaburini."

"Sisi ni mtu na baba yake," nikamjibu. "Tutapiga picha mbili tu."

Mwamba wa bao na nyumba ya ngoma

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, nayo naifupisha kwa sababu najua mnataka ya mbele. Mwamba wa bao uko juu kidogo ya bonde, mpana kama uwanja wa kanisa. Mashimo yamepangwa kwa safu nne, yamelainika ndani kama bakuli. Nilitia vidole humo nikawaza vidole vilivyotangulia. Chini bonde lote lilikuwa linaonekana: mashamba ya pamba, mpunga kwenye mabwawa, ng'ombe wadogo kama mchwa, na mto wenyewe umejikunja katikati ya miti ya kijani.

Kwenye ikulu ya zamani mtunza nyumba alitufungulia nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi. Ndani kulikuwa na ngoma kubwa zimelazwa kwenye vigingi, na kiti cha ntemi cha miguu mitatu. Alitueleza ngoma ipi ililia mvua ikikawia na ipi ililia ntemi akifariki. Baba alisikiliza kwa adabu, lakini kila nilipomtazama, alikuwa anaangalia mlangoni, kuelekea mto.

"Hapa sipo," aliniambia tulipotoka. "Ni ng'ambo."

Kushuka bondeni

Kesho yake tuliondoka asubuhi mapema. Tukapita njia ya Zagayu, Masanja akakata kushoto tukaingia kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, ambao ukikauka unapasuka na ukilowa unakamata kama gundi. Juu ya vilima mvua ilikuwa imeshanyesha. Gari lilinasa mara mbili. Mara ya pili tulikaa saa mbili, Masanja anatandika matawi chini ya matairi, mimi nasukuma mpaka nikala tope. Baba alikaa ndani, amekumbatia begi lake dogo la ngozi.

Tulipofika kivukoni gari halikuweza kupita. Maji yalikuwa ya magoti, ya rangi ya chai ya maziwa, na chini mchanga mgumu. Watu wawili walikuwa wanavuka na baiskeli mabegani. Masanja aliyatazama maji, akatazama mawingu.

"Mayu, tuache leo."

Nilikuwa naelekea kukubali. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshavua viatu na kukunja suruali, yuko ndani ya maji. Nilimwita. Hakugeuka. Niliingia nikamfuata, nikamshika kiuno, tukavuka hivyo, maji yananivuta sketi. Nikampigia Masanja kelele atusubiri saa moja.

Tulipopanda ukingo wa pili ndipo nikakumbuka mfuko wenye dawa za presha za Baba. Umebaki kwenye kiti cha gari.

Gofu la Mjerumani

Gofu ni nyumba ndogo ya mawe isiyo na paa, juu ya mwinuko, inatazama mkunjo wa mto. Kuta zimesimama hadi kifuani. Kuzunguka pande zote kulikuwa na mashimo mapya, udongo umetupwa hovyo, na chupa za maji za plastiki. Nilipoyaona nilikumbuka maneno ya Masanja, nikataka tupige picha tuondoke.

Baba hakunisikiliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kaskazini ya nyumba, akapapasa jiwe la chini kama mtu anayepapasa uso. Akafungua begi. Akatoa utepe wa kupimia, ule wa zamani wenye kasha la ngozi, ambao sikujua kama ameubeba. Akauweka chini, akavunja vijiti vitatu, akaanza kutembea: "Moja, mbili, tatu..."

"Baba, tufanye haraka."

"Shika utepe, Skola."

Hakuwa ameniita jina langu kwa siku nne. Nikaushika. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifikiri namfurahisha mzee kwa mchezo wa kazi yake ya zamani.

Sijui alikuwa amefika hatua ya ngapi sauti ilipopasuka upande wa mashamba. Sauti ya mwanamke, ndefu, juu, inakatika na kuanza tena. Hata kama hujui Kisukuma unaelewa. Ni yowe, wenyewe wanaita mwano, na likipigwa kila mwanaume mwenye miguu lazima aje. Likajibiwa upande wa pili. Kisha wa tatu. Wakatokea kwenye mahindi, kwenye pamba, wengine wameacha ng'ombe, wana fimbo na mapanga, wawili wana pinde. Walituzunguka.

Nilimvuta Baba nikamweka nyuma yangu. Nikasema, "Shikamooni. Sisi ni watalii tu."

Mwanaume mmoja mrefu, wa miaka kama hamsini, mwenye koti kuukuu la mvua, alisogea. Nilikuja kujua ndiye Jilala, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Alitazama mashimo, akatazama utepe mkononi mwangu, akatazama vijiti.

"Watalii," akasema. "Na mnapima."

"Ni baba yangu, alikuwa mpima zamani, anacheza tu—"

"Mwache mzee aseme mwenyewe. Mzee, mmekuja kutafuta nini hapa?"

Baba alitoka nyuma yangu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Kuna mtu nilimficha hapa," akasema. "Nimekuja kumwonyesha."

Ofisi ya kijiji

Kama hamjawahi kuona watu sitini wakivuta pumzi kwa pamoja, mshukuru. Mmoja aliinua fimbo. Jilala alimzuia kwa kiganja tu, bila kumtazama. Walichukua simu yangu, utepe na begi, wakatutanguliza njiani. Nilikuwa nasikia nyuma neno moja linarudiwa kwa Kisukuma, sikulielewa, na sikutaka kulielewa.

Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwenda Bariadi kwenye kikao. Bila yeye, Jilala alisema, hakuna wa kutuachia. Ofisi ilikuwa chumba kimoja na benchi. Mvua ilianza hapo hapo, ya mawe, bati likawa linapigwa mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti. Nilijua mto unajaa. Nilijua Masanja yuko upande wa pili na dawa.

"Ulimficha nani?" Jilala alimuuliza.

"Mama," Baba akasema.

"Mama wa nani?"

Baba aliangalia mikono yake. "Jina limenitoka."

"Ulimuua?"

"Hapana! Alikuwa ameshakufa. Nilitoa mawe yake."

Nilipiga magoti sakafuni, siwafichi. Nikawaeleza ugonjwa wake, daktari, yai la Singida, kila kitu. Nikamwambia Jilala, "Kiongozi, huyu mzee asubuhi alinisahau mimi niliyemfunga vifungo." Alinisikiliza. Kisha akasema polepole, Kiswahili chake kizito, "Mayu, wiki iliyopita walikuja watu wenye gari zuri. Wakasema ni watafiti. Wamefukua kaburi la babu yangu mdogo. Mifupa tumeiokota kwenye majani. Sasa niambie wewe, nikuamini kwa lipi?"

Nikainuka nikakaa karibu na Baba.

Ndipo mlangoni akaingia mwanamke mzee, mwembamba, kanga imelowa, fimbo mkononi. Watu wakampisha. Alikuwa Bi Milembe, na alikuwa amesikia huko nje neno "mpima". Hakusalimu. Alikwenda akasimama mbele ya Baba, akainama, akamwangalia kama unavyoangalia sindano iliyoanguka.

"Wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa," alisema, "mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Walikuja wapima. Mmoja kijana, mtu wa mbali, alikuwa anakula kwetu. Mama yangu alikuwa amezikwa mwaka ule ule, kando ya zizi. Msimamizi wao akasema barabara ya kijiji kipya inapita pale, trekta litasawazisha, mawe ya kaburi yaondolewe. Kijana yule ndiye aliyeyaondoa. Kwa mikono yake. Mimi nilikuwa naangalia." Akaegemea fimbo yake. "Tulimpa jina. Kila mtu nyumbani alimwita hivyo. Kama ni wewe, liseme."

Chumba kizima kikangoja. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, jina lolote, Bwana, mpe jina moja tu. Baba alifumba macho. Jasho lilimtoka. Alifungua mdomo mara mbili.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nalijua."

Bi Milembe akanyooka. Wanaume wakaanza kunung'unika. Lakini Baba akaendelea, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayesoma kwenye karatasi: "Kona ya kaskazini ya nyumba ya mawe. Hatua mia moja arobaini kuelekea mkunjo wa mto. Kulia, hatua arobaini. Nilichimbia nondo kichwani kwake, urefu wa mkono toka kiwiko, ili trekta lisiiguse. Nikamwambia baba mwenye nyumba nitarudi kuwaonyesha. Wakanihamishia Kigoma." Akamtazama yule mama. "Barabara haikupita pale, sivyo?"

"Haikupita," Bi Milembe akasema. "Waliigeuza. Walisawazisha bure." Aliketi kwenye benchi kama aliyekatwa miguu. "Kaka zangu wawili waligombana maisha yao yote kaburi liko wapi. Huyu anasema huku, huyu anasema kule, kila ugonjwa wanasema ni mama hajatambikiwa mahali pake. Walikufa hawasemeshani."

Jilala alivua kofia yake, akakamua maji, akaivaa tena. "Kesho atatuonyesha," akasema. "Asipoonyesha, atakwenda polisi."

Hatua za kwanza

Tulilala kwa mwenyekiti, walinzi wawili barazani. Walitupa ugali wa mtama na maziwa mgando, Baba akala vizuri, mimi sikumeza. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba na alisema kichwa kinamgonga. Niliomba dawa zake. Mto umejaa, nikaambiwa, hata ng'ombe hawavuki.

Tulikwenda kwenye gofu na nusu ya kijiji. Baba aliweka kisigino kwenye kona, akatembea. Hakuna aliyekohoa. Mia moja arobaini. Akageuka kulia. Arobaini. Akasimama mbele ya kichuguu kilichoota majani, akasema, "Hapa."

Walichimba kidogo kidogo, kwa heshima, kutafuta nondo tu. Kina cha mkono hakuna. Wakapanua, hakuna. Wakachimba mpaka kwenye mwamba mtupu. Hapo hapajawahi kuzikwa mtu tangu dunia iumbwe.

"Mzee anatuchezea," mtu akasema.

Bi Milembe aligeuka akaanza kuondoka, na mgongo wake uliniuma kuliko fimbo zote. Baba alikuwa anazunguka pale pale, anarudia, "Hapa. Ni hapa." Kisha akaniangalia akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Mama alifariki miaka sita iliyopita.

Nilimshika mabega. Nikaona jinsi mabega yenyewe yalivyo madogo. Nikatazama miguu yake. Hatua za mtu anayeburuta ndala.

"Baba," nikamwambia, "hatua yako ya zamani ilikuwa ndefu kiasi gani?"

"Sabini na tano," akajibu hapo hapo, kama mwanafunzi. "Sentimita sabini na tano. Walitufundisha kwa kamba mpaka ikakaa mguuni. Mpima asiye na hatua si mpima."

Nikaanza kupiga kelele. Nilimkimbilia Jilala, nikamwambia anirudishie utepe, hatua za leo si hatua za kijana, tumeishia katikati ya njia. Nafikiri alikuwa amechoka na sisi. Lakini alituma mtu ofisini.

Wakati tunausubiri, tulisikia injini. Masanja! Alikuwa amesikia lile yowe akazunguka mpaka kwenye daraja la barabara kuu, amelala njiani, gari limekuwa tope tupu, na pembeni yake ameketi mtendaji ambaye alimtafuta Bariadi nzima. Mkononi alikuwa na mfuko wa dawa, ameushika kama yai. Nilimnywesha Baba vidonge kwa maji ya chupa, nikalia kwa mara ya kwanza.

Shamba la Jilala

Tulipima, mimi mwanzo wa utepe, Masanja mwisho, mtendaji anaandika. Mita mia moja na tano. Kulia, mita thelathini. Tulipofika ishirini tuliingia kwenye pamba. Pamba nzuri, imefika magotini, imeanza maua ya njano. Utepe ulipoishia, watu wote walikuwa hawatutazami sisi tena. Walikuwa wanamtazama Jilala.

Lilikuwa shamba lake. Alipewa na baba yake, naye amelilima kwa jembe la ng'ombe miaka yote, huku na huku, juu ya mahali pale.

"Ng'oeni," akasema. Akainama aking'oa mwenyewe, mche baada ya mche, anauweka pembeni. Akachukua jembe kwa mtu. Alichimba taratibu. Kwenye kina cha kiwiko jembe likagonga, kikalia chuma.

Akaliweka jembe chini, akafukua kwa vidole. Ilikuwa nondo yenye kutu, nene kwa udongo, imesimama wima.

Hakuna aliyeshangilia. Jilala alirudi nyuma akafuta mikono kwenye koti, akafuta tena, kama inakataa kutakata. "Mama Milembe," akasema, "nimemlima mama yako. Sikujua." Yule mama alimgusa tu begani, akapita. Alipiga magoti, akaongea na udongo kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mwanamke mmoja akampa kibuyu cha maziwa, naye akamimina kidogo pale kichwani.

Kisha akainuka akamgeukia Baba.

"Umechelewa sana, baba," akasema. "Kaka zangu wamekwenda. Sina la kukusamehe mimi peke yangu. Ila yale mawe uliyatoa wewe. Yarudishe."

Mawe yenyewe yalikuwa bado kwenye mwinuko, chini ya gofu. Nilichukua la kwanza, yeye akanizuia kwa fimbo. "Si wewe." Masanja naye akazuiwa. Nikasema presha yake, nikasema umri wake. Bi Milembe alinijibu bila ukali, "Achukue madogo. Jua bado."

Basi Baba akabeba. Jiwe moja, anashuka nalo amelikumbatia tumboni, analiweka, anarudi. Watu walikaa kwenye matuta wakamtazama. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kila alipopita. La saba alilidondosha, akakaa chini, midomo imekuwa ya kijivu, na nikasema inatosha, nikamwendea. Alinisukuma. Akasimama. La tisa. La kumi na moja. Aliyapanga kwa mviringo, sawasawa, anasogeza moja kwa kidole, anarudi nyuma kuangalia, anasogeza tena, jicho moja limefumba, kama mpima.

La mwisho lilikuwa kubwa, la kichwani. Alilijaribu halikunyanyuka. Akajaribu tena. Bi Milembe aliweka fimbo yake chini, akaenda akashika upande wa pili. Walilibeba pamoja, wazee wawili, hatua fupi fupi, wanapumzika, wanaendelea, mpaka wakaliweka.

Baba alifuta jasho. Alitazama mviringo wa mawe, akatazama watu waliokaa kimya, akanitazama mimi. Nikaona macho yake yamekuwa meupe, nikajua yote yameshamtoka.

"Mwanangu," akasema, "haya mawe ni ya nini?"

Bi Milembe ndiye aliyejibu.

"Ni kaburi la mama yangu," akasema. "Umenisaidia kulijengea."

Baba alivua kofia yake. Alimshika yule mama mkono kwa mikono yake miwili iliyochubuka, akainamisha kichwa kama tunavyofanya msibani.

"Pole sana, mama," akasema. "Sikuwa na habari. Amefariki lini?"

Bi Milembe alimwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimwone machozi yakamshuka, akayaacha.

"Leo," akasema. "Asante kwa kuja kumzika."